Namba ya Rangi

Kazi yangu ni kuchanganya rangi,
Kariakoo, dukani kwa Ndekirwa.
Mteja anataja namba, mashine inadondosha,
natikisa ndoo, nafungua: ndiyo hiyo.
Miaka kumi na minne nimekosea mara moja tu,
na yule bwana harusi alisamehe.

Mwaka huu mauzo yalipanda. Tajiri akaniambia,
Mkude, Jumamosi twende tukavue fulusi.
Nikauliza, zipi?
Akacheka hadi akashika kaunta.
Siyo zipi, akasema. Wepi.

Saa kumi alfajiri tukaondoka Kunduchi,
boti ya faiba, mashine mbili, kasha la barafu,
Mwinyikheri kwenye usukani, anatafuna kashata, hasemi.
Mbudya ikapita. Jiji likawa mstari, kisha likawa ukungu,
kisha maji yakaacha kufanana na kitu chochote
kwenye kitabu changu cha rangi.
Nilitapika mara mbili, upande wa kulia.
Ndekirwa, mtu wa mlimani asiyejua kuogelea,
alikula maandazi manne.

Saa nne. Saa tano.
Ngisi wa plastiki wanaruka nyuma yetu,
pinki, pinki, kijani, pinki,
wamejipamba na hakuna aliyewatazama.

Ndipo Mwinyikheri akanyoosha kidole.
Si gogo. Si dumu.
Mlango.
Mbao za mninga, bawaba moja bado imeng'ang'ania,
na rangi ya mafuta, ya kijani, imebanduka pembeni.
Namba ile naijua. Tuliiuza sana Jangwani,
kabla ya masika ambayo Msimbazi
uliingia majumbani bila kubisha hodi.
Mama siku hizi anakaa Mabwepande.
Sikusema kitu.
Milango ya kijani ni mingi.

Chini yake, kwenye kivuli, wenyeji walikuwepo:
kumi, labda kumi na watano,
wanazunguka kama watoto uani.

Rili ikalia. Ndekirwa akanisukumia fimbo, vuta!
Mkono wangu umezoea ndoo za lita ishirini,
ila ndoo haijawahi kunivuta na yenyewe.
Akaruka mara tatu, dume, paji la uso limesimama kama ukuta,
na kila alipoanguka, jike alikuwa pale pale
alipoangukia.

Mwinyikheri akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu Kunduchi:
Usimtoe bado. Mwache majini.
Akiwepo yeye, wenzake hawaondoki.

Hivyo ndivyo tulivyowapata saba.
Sijui niite nini hicho tulichowavulia.
Chambo hakikuwa ngisi.

Alipolazwa sitahani nilijua nina muda mfupi.
Dhahabu, nikasema, njano mbili na tone la kahawia,
lakini kijani kikapita ubavuni, mbio,
kikafuatwa na samawati iliyowaka ndani kwa ndani,
madoa yakatokea, yakazima, yakatokea kwingine,
nikatoa simu, vidole vina damu, simu ikakataa kidole,
na nilipoinua macho alikuwa wa kijivu.
Kijivu cha sakafu ya gereji.
Namba hiyo ninayo.

Ndekirwa akapiga picha. Akahesabu hoteli za Masaki.
Sasa, akasema, ndiyo zipi.

Jioni ile nikafungua duka, bado nanuka shombo.
Nikaharibu kopo tatu.
La tatu lilikaribia, naapa, likiwa bichi.
Lilipokauka lilikuwa njano ya bajaji.

Jumapili nikampelekea Mama kipande cha mgongo.
Akakipaka ndimu na chumvi, akakikaanga,
akala polepole akichagua miiba isiyokuwepo.
Samaki gani huyu mtamu?
Fulusi.
Mmempata wapi?
Mlangoni, nikamjibu.
Akatikisa kichwa, akashukuru Mungu
kwamba siku hizi wachuuzi wa samaki
wanafika hadi Mabwepande.